Kipindi cha Afya: Baba, mkojo unatoka vizuri?

[Muziki wa kufungulia, kisha unashuka]

Hodi kwenu mlioko Hima na Kasese mjini, hodi Bwera na Mpondwe, hodi Rwamwanja na Kyaka, na popote pengine sauti hii inapofika. Na wewe unayesoma kipindi hiki kwenye karatasi, karibu. Ukimaliza mpe jirani, na kama jirani hajui kusoma, msomee.

Leo nabisha hodi hasa kwa wababa, wale wa miaka 40 na kuendelea. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na kitu, sijaoa, na nataka kuzungumza na wazee kuhusu mkojo. Kwetu jambo hilo halifanyiki. Kijana hakai mbele ya baba yake akaanza kumuuliza anavyokwenda haja ndogo. Kwa hiyo naomba ruhusa kabla sijaanza. Na ninyi mama zetu, msiondoke kwenda jikoni. Mara nyingi ninyi ndio mnaojua mzee ameamka mara ngapi usiku.

Nitaanza na habari ya nyumbani kwetu. Baba yangu ameniruhusu kuisimulia, na ananisikiliza sasa hivi.

Tulivuka Mpondwe kama wengi wenu mlivyovuka, na vitu vichache kichwani. Tulifikia kwanza Hima kwa ndugu ya mama, nyumba ya karibu na barabara, malori ya saruji yakipita usiku na mchana. Baba alikuwa na miaka 58. Alipata kibarua cha kupakia mchanga, na baada ya miezi kadhaa akaanza kulalamika kiuno na mgongo. Hakuna aliyeshangaa. Mtu wa miaka 58 anayebeba mchanga, mgongo utaacha kuuma?

Tukahamia kambini, mgongo ukaendelea. Nikampeleka baba hospitali. Mimi ndiye nilisoma sekondari hapa Uganda, Kiingereza nakijua, na baba anajua Kinande, Kiswahili na Kifaransa kidogo. Kwa hiyo kila tulipokwenda, mimi ndiye nilikuwa mdomo wake. Daktari anauliza kwa Kiingereza, mimi namwambia baba kwa Kiswahili, baba anajibu, mimi narudisha.

Siku moja daktari aliuliza maswali mengi, na moja lilikuwa hili. Nikaligeuza: "Baba, anauliza kama mkojo unatoka vizuri."

Baba akatazama dirishani. Akasema, "Mwambie hakuna shida."

Nikamwambia daktari hakuna shida. Daktari akaandika. Tukapewa vidonge vya maumivu, tukarudi nyumbani.

Wasikilizaji, mimi nilijua. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja na pazia. Kila usiku nilisikia mlango unafunguliwa, nikasikia baba amesimama nyuma ya migomba, amesimama muda mrefu, kimya, kisha matone machache, kisha kimya tena. Mara tatu kwa usiku. Nilijua, na nikamwambia daktari kwamba hakuna shida, kwa sababu baba alikuwa amesema hivyo, na mimi ni nani nimrekebishe baba yangu mbele ya mtu mgeni? Baba alinificha kwa sababu mimi ni mtoto wake. Mimi nikanyamaza kwa sababu yeye ni baba yangu. Daktari aliyekuwa katikati yetu hakupata nafasi ya kutusaidia.

Miezi minane tulikwenda na kurudi hivyo. Kisha asubuhi moja baba alitaka kuinuka kitandani, miguu ikakataa. Haikuwa inauma, ilikuwa kama si yake. Mnaijua methali ya mficha maradhi. Sisi haikuwa kilio kilichotufichua, ilikuwa ni miguu.

Safari hiyo alimpokea muuguzi mmoja mwanaume, mtu mzima, anayejua Kiswahili. Akanitazama mimi, akamtazama baba, akaniambia, "Kijana, toka nje kidogo." Nilikaa nje kwenye benchi dakika ishirini. Katika dakika ishirini hizo baba alisema yote aliyoyaficha kwa miezi minane.

Ilikuwa saratani ya tezi dume. Ilikuwa imeshatoka kwenye tezi na kuingia mifupa ya nyonga na uti wa mgongo. Maumivu yale ya mgongo hayakuwa ya mchanga.

[Muziki mfupi]

Sasa tuulizane, tezi dume ni kitu gani? Wengine kule Kongo tunaiita prostati. Ni tezi ndogo aliyonayo kila mwanaume, ukubwa wake karibu na ndimu ndogo, imekaa chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Mrija wa mkojo unapita katikati yake, kama kamba inavyopita kwenye shanga. Ndiyo maana tezi ikivimba, inaubana mrija.

Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanakosea, hata wenye nia njema wanaotangaza dalili kwenye vipaza sauti. Tezi inayobana mkojo mara nyingi si saratani. Wanaume wengi wakizeeka tezi yao inakua tu, bila saratani yoyote. Wanaamka usiku, mkojo unachelewa kuanza, unatoka kwa nguvu ndogo, unabaki kudondoka. Huo ni ugonjwa wenye tiba yake. Wapo pia wanaopata maambukizi kwenye tezi, wanapata homa na kukojoa kwa maumivu, na hao hutibiwa kwa dawa za kuua vijidudu.

Saratani yenyewe tabia yake ni nyingine. Mwanzoni mara nyingi haifanyi chochote unachoweza kukisikia. Huwa inaanzia pembeni mwa tezi, mbali kidogo na mrija, kwa hiyo mkojo unatoka vizuri, unalala vizuri, unalima, unacheza na wajukuu. Ikianza kuuma mgongo na nyonga, tayari imesafiri. Kwa hiyo mzee anayesema "nitakwenda nikisikia dalili" amejipangia kwenda akiwa amechelewa. Na mzee anayesema "naamka sana usiku, basi nina saratani, acha nife kimya" naye anaweza kuwa anajiua kwa ugonjwa mdogo. Wote wawili dawa yao ni moja, kupimwa.

Kuna na habari ya dawa za miti. Siwacheki wanaotumia, nyumbani kwetu zilitumika. Uko mti wa milimani ambao wataalamu wanauita Prunus africana. Unaota katika misitu yetu ya Kivu, unaota Rwenzori, unaota Kameruni na Kenya. Tangu miaka ya 1970 magome yake yanasafirishwa kwenda Ulaya kutengenezwa dawa ya tezi dume iliyokua, na umekatwa sana hata tangu mwaka 1995 biashara yake inadhibitiwa na mataifa. Kwa hiyo wazee wetu hawakuota ndoto, gome lile lina kitu. Lakini dawa ile ni ya tezi iliyokua tu. Saratani haitibu. Mtu anaweza kunywa, mkojo ukalegea kidogo, akafurahi, na saratani iliyo pembeni ikaendelea na safari yake.

Na yale mengine tunayoambiana tukiwa kwenye kisima: kwamba ni kurogwa, kwamba ni adhabu ya mtu aliyependa wanawake, kwamba ni kisonono cha zamani kilichorudi, kwamba ni ugonjwa wa wazungu. Hili la mwisho ndilo linaloniudhi zaidi, maana ukweli umegeuzwa kabisa. Wanaume wenye asili ya Afrika ndio wanaoupata zaidi. Kule Marekani wanaume weusi wanakufa kwa saratani hii karibu mara mbili kuliko wazungu. Na hapa Uganda, rejista ya saratani ya Kampala, ambayo imekuwa ikihesabu wagonjwa tangu miaka ya 1950, imeonyesha saratani ya tezi dume ikipanda miaka nenda miaka rudi, hadi kuwa miongoni mwa zinazoongoza kwa wanaume.

Wale mlio na umri wa wazazi wangu, mnamkumbuka Mobutu. Mwezi wa 8 mwaka 1996 alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume huko Uswisi. Akiwa bado Ulaya anajiuguza, mwezi wa 10 vita ikaanza kwetu mashariki, ile vita ambayo baadhi yenu mlianza nayo kukimbia. Mwezi wa 5 mwaka 1997 akaondolewa madarakani, na tarehe 7 mwezi wa 9 mwaka huohuo akafa Rabat, Moroko. Alikuwa na miaka 66. Simtaji ili tumwonee huruma au tumhukumu, kila mmoja wetu ana yake ya kusema juu ya Mobutu. Namtaja kwa sababu mtu yule alikuwa na ndege, alikuwa na fedha za nchi nzima, alikuwa na madaktari wa Ulaya, na bado mwaka mmoja tu baada ya upasuaji alikuwa kaburini. Fedha haizibi pengo la kuchelewa.

Upande mwingine yuko Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini. Yeye aligunduliwa mwaka 1997, mwaka uleule Mobutu aliokufa. Alitibiwa, ugonjwa ukarudi, akatibiwa tena, akaendelea kusafiri na kucheka kile kicheko chake hadi Desemba 2021, akiwa na miaka 90. Na mzee Mandela aligunduliwa mwaka 2001, akatibiwa kwa mionzi, akaishi miaka 12 zaidi. Wote wawili walilisema wazi mbele ya watu, na hawakupungukiwa heshima.

[Muziki mfupi]

Tuje kwenye kupimwa kwenyewe. Najua mnasubiri habari ya kidole. Itakuja.

Kipimo cha kwanza ni cha damu. Kinaitwa PSA. Wanachukua damu kidogo mkononi, kama wanavyochukua kwa vipimo vingine, wanatafuta kitu kinachotengenezwa hasa na tezi dume. Kikiwa kingi kuna jambo kwenye tezi, ingawa damu haikuambii ni jambo gani. Namba inayotumika sana kama mpaka ni 4, lakini si ukuta. Katika wanaume wenye namba kati ya 4 na 10, takriban mmoja kati ya wanne ndiye hukutwa na saratani. Wengine ni tezi iliyokua tu, au maambukizi. Na wachache walio chini ya 4 wanaweza kuwa nayo. Kwa hiyo ukipewa namba kubwa usirudi nyumbani kugawa shamba. Daktari atarudia kipimo, na kama bado ana shaka, atachukua vinyama vidogo kwenye tezi vipelekwe maabara. Hapo ndipo jina la saratani linatajwa au linafutwa.

Kabla ya kutoa damu, siku mbili usikutane na mkeo, na kama kazi yako ni baiskeli, ipumzishe pia siku hizo. Yote mawili yanaweza kuipandisha namba bure. Na kama hivi karibuni ulikuwa na maambukizi ya mkojo au uliwekewa mpira, mwambie daktari, atakupangia usubiri wiki kadhaa.

Sasa kidole. Daktari anavaa glavu, anapaka mafuta laini, anaingiza kidole kimoja kwenye njia ya haja kubwa na kuipapasa tezi, kwa sababu iko pale mbele tu, inafikika. Anatafuta kama ni ngumu au ina kivimbe. Haifiki dakika moja. Si raha, nasema ukweli, lakini si maumivu. Niliwauliza wazee wawili waliopitia. Mmoja alisema ni kama kubanwa na haja ya ghafla. Mwingine alicheka tu, akasema nimwache ale chakula chake. Wapo wanaosema mwanaume akifanyiwa hivyo heshima imekwisha. Mama zetu wamelala mbele ya wakunga na madaktari ili sisi tuzaliwe, na sijasikia mtu akisema heshima yao ilikwisha. Na kama kidole ndicho kinakuzuia kabisa, sema hivyo, uanze na damu peke yake. Ni bora uje kwa damu kuliko usije.

Nani apimwe na lini? Kwa mwanaume wa kawaida wataalamu wengi wanasema anza kuzungumza na daktari ukifika miaka 50. Kwetu sisi Waafrika, na kwa yeyote ambaye baba yake au kaka yake aliugua, anza miaka 45. Kama ndugu wa karibu zaidi ya mmoja waliugua wakiwa bado hawajazeeka, anza miaka 40. Mimi mwenyewe nimeshaandika mwaka wangu kwenye daftari.

Na nisiwafiche jambo jingine. Si madaktari wote duniani wanakubaliana kwamba kila mwanaume apimwe. Baadhi ya saratani hizi zinakwenda polepole sana, mzee anaweza kufa nazo bila kufa kwazo, na matibabu yana madhara yake. Kwa hiyo kwa mzee aliyepita miaka 70 na hana tatizo lolote, mara nyingi daktari atamshauri aache. Na hata ukikutwa na saratani ndogo, inawezekana ukaambiwa usitibiwe kwanza, ufuatiliwe tu kwa vipimo. Kupimwa si kukubali kukatwa. Ni kupata habari, kisha unakaa na daktari na mkeo mnaamua.

Sasa lile linalotisha kuliko yote. Wanaume wengi hawaendi kwa sababu wamesikia kwamba ukikutwa na ugonjwa huu unakatwa korodani. Nalisema kwa sababu baba ameniruhusu kulisema: yeye alifanyiwa upasuaji huo. Saratani hii inalishwa na homoni ya kiume, na homoni hiyo kwa sehemu kubwa inatoka kwenye korodani. Mwaka 1941 daktari mmoja huko Chicago, Charles Huggins, alionyesha kwamba ukiikata chakula hicho saratani inasinyaa, na baadaye akapewa Tuzo ya Nobel. Siku hizi kuna sindano zinazofanya kazi hiyohiyo, lakini lazima urudi kuchomwa tena na tena, na zina bei. Upasuaji ni mara moja. Baba aliambiwa yote mawili, akachagua upasuaji. Siku chache baadaye maumivu ya mgongo yalipungua, jambo ambalo vidonge vya miezi minane havikuweza.

Lakini angalieni ni nani anayefikia hapo. Upasuaji huo kwa kawaida ni wa mtu ambaye saratani imekwisha kusambaa. Anayekutwa mapema, saratani ikiwa bado ndani ya tezi, anaweza kuondolewa tezi yenyewe au kuchomwa mionzi, na korodani zake zinabaki mahali pake. Hayo nayo yanaweza kupunguza nguvu za kiume au kuleta shida ya kuzuia mkojo, uliza kabla hujakubali. Lakini kuna uwezekano wa kupona kabisa. Marekani wanahesabu kwamba aliyekutwa mapema, karibu wote wanakuwa hai baada ya miaka mitano. Aliyekutwa imesambaa, ni kama mmoja kati ya watatu. Baba yangu aliogopa kupoteza uanaume wake, akanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikomfikisha kwenye kisu alichokiogopa. Hayo ni maneno yake mwenyewe, si yangu.

Mionzi hapa Uganda inatolewa Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1967. Huenda ulisikia kwamba mashine imekufa. Ni kweli ilikufa, mwaka 2016, na wakati ule ilikuwa ya pekee nchini. Lakini mpya ilizinduliwa mwanzoni mwa 2018, na nyingine zimeongezwa. Habari ya zamani isikuzuie.

[Muziki mfupi]

Utaanzia wapi, wewe uliye kambini? Anzia kituo cha afya unachokijua. Mkimbizi hapa Uganda anahudumiwa kituo kilekile anachohudumiwa mwenyeji, na serikali iliondoa malipo katika vituo vyake tangu mwaka 2001. Kituo kidogo mara nyingi hakina kipimo cha PSA. Omba barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa zaidi, na hiyo barua uitunze kama unavyotunza kadi ya chakula. Ukiambiwa uende maabara ya mtu binafsi, uliza bei kabla hawajakuchoma sindano. Kama hujui pa kuanzia kabisa, muulize mhudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT.

Sasa lugha. Hili ndilo nililokuja kulisema leo kuliko mengine yote. Usimpeleke mtoto wako akawe mdomo wako. Wala binti yako, wala mkwe wako. Ukifika, kabla ya kueleza ugonjwa wowote, sema kwanza: "Naomba mkalimani mtu mzima, mwanaume, asiye wa nyumba yangu." Hilo si ombi la kiburi. Sehemu nyingi za wakimbizi kuna wakalimani wa mashirika, na hata kama hayupo siku ile, mara nyingi kuna muuguzi au mlinzi anayejua Kiswahili. Kama hakuna mtu kabisa, chukua karatasi hii. Onyesha kwa kidole mistari hii, nimeiandika ili asomewe yeyote anayeijua lugha:

Nina miaka fulani. Naamka mara fulani usiku kukojoa. Mkojo unachelewa kuanza. Nimeona damu kwenye mkojo. Mgongo au nyonga inauma hata nikilala. Baba yangu au kaka yangu aliugua tezi dume. Naomba kupimwa PSA.

Nasi vijana tunaoitwa kutafsiri, tujifunze kusema: "Daktari, mimi ni mtoto wake, tafadhali mtafutie mtu mwingine kwa swali hili." Ni sentensi moja. Mimi sikuijua.

Mama zetu, wengi wenu mnajua kabla ya daktari. Mama yangu alijua. Anasema aliogopa akilisema baba ataona anadharauliwa. Nimekutana na mama mmoja wa Bwera aliyefanya vizuri zaidi yetu: alimwambia mumewe kwamba ni yeye mama anayetaka kupima presha, amsindikize. Walipofika, akamwachia kiti.

Kuna mambo matatu ambayo hayangojei kesho. Mkojo ukifunga kabisa, tumbo la chini limejaa na hakitoki kitu. Miguu ikilegea au ikifa ganzi, ama ukashindwa kuzuia haja. Na damu kwenye mkojo, hata kama imetoka mara moja na haiumi. Hayo ni ya siku hiyohiyo. Usiku pia. Tafuta pikipiki.

Pale Mpondwe, mwaka 2019 Ebola ilipovuka, sote tulisimama foleni tukapimwa joto, wazee kwa watoto, na hakuna aliyeona aibu. Tulinawa mikono hadi ngozi ikachubuka. Kupimwa tunakujua.

Maswali yenu yaleteni kwa mhudumu wa kijiji au yaandikeni bila jina mtume kwetu, tutayajibu wiki ijayo tukiwa na daktari. Nimeshapokea mawili. Mmoja anauliza kama aliyetahiriwa hawezi kuugua. Anaweza, ngozi ile na tezi ile haviko pamoja. Mwingine anauliza kama mke anaambukizwa. Haambukizwi, saratani haihami kwa mtu mwingine.

Baba sasa anatembea kwa fimbo. Analima bustani ndogo ya maharage, anakwenda hospitali kila miezi mitatu, na haendi nami ndani, ninabaki kwenye benchi. Amewapigia simu wadogo zake wawili walio Butembo. Mmoja alikwenda kupimwa, damu yake iko sawa. Mwingine bado anasema atakwenda.

Jana jioni nilimsomea baba kipindi hiki chote kabla sijakirekodi. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema nirekebishe mahali pamoja tu. Nilipoandika kwamba alikuwa akitoka mara tatu kwa usiku, si kweli. Zilikuwa sita. Mara tatu nyingine mimi nilikuwa nimelala.

[Muziki wa kufungia]